Asilimia Moja ya Mteremko: Jinsi ya Kuelekeza Taa Kubwa za Gari kwa Zana za Mkono

Msafiri aliyewahi kupita usiku katika barabara ya Chalinze kwenda Morogoro anaifahamu hali hii. Gari hutokea mbele, taa zake huchoma macho, na kwa muda dereva haoni barabara wala kando ya barabara. Gari hilo likisha kupita, giza linalobaki huwa zito kuliko lile la kwanza. Katika giza hilo ndimo anamopita mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, au mtoto aliyetumwa dukani. Aghalabu sisi humlaumu dereva mwenzetu kwamba amekataa kupunguza taa. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Dereva huyo amekwisha kupunguza, lakini taa zake zimeelekea kusikotakiwa, na mwenyewe hana habari.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Kwa miezi kadhaa magari yaliyotoka mbele yalikuwa yakimwashia na kumzimia taa. Kwa desturi ya barabara zetu, alidhani anaonywa kwamba mbele kuna askari wa usalama barabarani. Akapunguza mwendo, na askari hakuwapo. Hatimaye aliliegesha gari mbele ya ukuta akapima. Taa ya kulia, ambayo ilifunguliwa na kufungwa tena baada ya gari kugongwa kidogo, ilikuwa ikitupa mwanga wake sentimeta 16 juu ya mahali ulipopaswa kuwa. Kazi ya kuisahihisha haikufika nusu saa, na ilihitaji bisibisi, chaki na utepe wa kupimia.

Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi hiyo hatua kwa hatua, pamoja na sababu za kila hatua. Msomaji ataona kwamba usalama wa watu wengi usiku unategemea zaidi upande ambao mwanga unaelekea kuliko ukali wa mwanga wenyewe, na kwamba hesabu inayohusika ni ya uwiano tu, ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaiweza.

Mwanga hutokaje katika taa?

Nyuma ya balbu ya taa kubwa kuna kioo mbonyeo chenye umbo la parabola. Kioo cha namna hiyo kina nukta moja maalumu iitwayo fokasi. Chanzo cha mwanga kikiwekwa katika fokasi, miale yote inayoakisiwa na kioo hutoka sambamba na kwenda mbali bila kutawanyika sana. Huo ndio msingi wa mwanga mkubwa, ambao madereva huuita fulu.

Mwanga wa kupishania, yaani ule uitwao dimu, hupatikana kwa ufundi mwingine. Katika balbu ya aina ya H4, ambayo ilianza kutumika mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi, kuna nyuzi mbili. Uzi wa dimu umewekwa mbele kidogo ya fokasi, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kwa kuwa uzi uko mbele ya fokasi, miale inayoakisiwa na nusu ya juu ya kioo huinama chini, kuelekea barabarani. Miale ambayo ingeakisiwa na nusu ya chini ingepanda juu, kuelekea machoni mwa watu. Hiyo huzuiwa na kile kikombe. Matokeo yake ni mwanga wenye mpaka dhahiri: chini ya mpaka kuna nuru, juu yake kuna giza. Taa nyingine za siku hizi hutumia lenzi na kikingio badala ya kikombe, lakini nazo huweka mpaka kama huo.

Katika nchi ambazo magari hupita upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, mpaka huo hauko sawa pande zote mbili. Upande wa kulia, wanakotokea wenzetu, mpaka umelala. Upande wa kushoto, kando ya barabara, katika taa nyingi mpaka huo hupanda kwa pembe ya digrii 15 hivi, ili kuwamulika waendao kwa miguu na alama za barabarani. Mahali ambapo sehemu iliyolala hukutana na ile inayopanda pana kona. Kona hiyo ndiyo tutakayoitafuta ukutani.

Kwa nini asilimia moja?

Tuchukue gari dogo ambalo kitovu cha taa zake kiko sentimeta 65 juu ya ardhi. Kama mpaka wa mwanga ungekwenda mlalo kabisa, usingegusa ardhi popote, na kilima kidogo tu kingetosha kuupeleka machoni mwa mwingine. Kwa hiyo sharti uinamishwe. Lakini uinamishwe kwa kiasi gani?

Mafundi hueleza mwinamo huo kwa asilimia. Mwinamo wa asilimia 1 maana yake ni kushuka sentimeta 1 kwa kila meta 1 ya kwenda mbele. Taa yetu ikiinama kwa asilimia 1, mpaka wake utagusa ardhi kwenye umbali wa meta 65. Ikiinama kwa asilimia 3, utagusa ardhi kwenye umbali wa meta 22 hivi.

Sasa tulinganishe umbali huo na ule ambao gari huhitaji ili kusimama. Dereva aliye macho huchukua sekunde 1 hivi kabla ya kukanyaga breki. Kisha gari lenye breki na matairi mazuri, katika lami kavu, huweza kupunguza mwendo kwa kiasi cha meta 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari hupita meta 22 katika sekunde ile ya kwanza, na meta 41 nyingine wakati breki zinafanya kazi. Jumla ni meta 63. Taa iliyoinama kwa asilimia 1 inamwonyesha dereva meta 65. Basi nafasi ya kuokoa maisha katika mfano huu ni meta 2 tu.

Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, umbali wa kusimama ni meta 30 hivi. Mwenye taa zilizoinama kwa asilimia 3 haoni kiasi hicho, hata akienda polepole namna hiyo. Na kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa umbali wa kusimama hufika meta 92. Anayekwenda kasi hiyo kwa mwanga wa dimu, hata taa zake zikiwa sahihi kabisa, anaendesha ndani ya giza asilolijua.

Upande wa pili wa hesabu ni wa yule anayekuja mbele. Tuseme taa imepanda juu kwa digrii 1 tu kutoka pale ilipostahili. Tanjenti ya digrii 1 ni 0.0175, yaani asilimia 1.75. Badala ya kushuka kwa asilimia 1, mpaka sasa unapanda kwa asilimia 0.75. Kwenye umbali wa meta 70 utakuwa umefika kimo cha sentimeta 117 hivi juu ya ardhi, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Mboni za macho yake hujifinya upesi, lakini hukawia kufunguka tena, na retina nayo huhitaji muda kurudia hali ya kuona gizani. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kila sekunde ya kutoona ni meta 22.

Kwa sababu hizo, Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari hutaka dimu ya taa iliyo chini ya sentimeta 80 kutoka ardhini iiname kati ya asilimia 1.0 na 1.5, na ile iliyo juu ya meta 1 iiname zaidi, kati ya asilimia 1.5 na 2.0. Magari mengi yana kibandiko au chapa karibu na taa inayoonyesha asilimia yake. Ikiwapo, ifuatwe hiyo. Kama haipo, kwa gari dogo tutumie asilimia 1.

Matayarisho

Zana zinazohitajika ni hizi: utepe wa kupimia, chaki, kamba yenye jiwe la kutumika kama timazi, kipande cha ubao mgumu wa karatasi, na bisibisi ya nyota au spana ndogo, kwa kawaida namba 8 au 10, kulingana na gari. Itafaa pia kuwa na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani, kama ule wautumiao mafundi waashi kusawazisha msingi.

Gari nalo liwekwe katika hali yake ya kawaida. Matairi yajazwe upepo unaotakiwa. Mizigo itolewe katika buti. Mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva, maana kiasi cha kilo 75 mahali hapo hubadili mkao wa gari. Kama karibu na usukani kuna kitufe cha kuinamisha taa, chenye alama 0, 1, 2, 3, kiwekwe kwenye 0. Vioo vya taa vifutwe. Kisha pande zote za gari zibonyezwe kwa mikono mara mbili tatu ili springi zitulie.

Ardhi ni jambo la kuangaliwa sana. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni kama meta 2.5, kosa la sentimeta 1 tu ya ardhi kati yao hubadili mwinamo kwa asilimia 0.4, ambayo ni karibu nusu ya kile tunachotaka kupima. Hapo ndipo mpira wa maji unaposaidia. Ujazwe maji bila kuacha mapovu. Ncha moja ishikwe kando ya gurudumu la mbele, nyingine kando ya gurudumu la nyuma, na kimo cha maji juu ya ardhi kipimwe pande zote mbili. Maji hutafuta usawa wake yenyewe. Vimo vikitofautiana, tafuta mahali pengine.

Kuchora mistari

Kwanza pima kimo cha kitovu cha kila taa kutoka ardhini, na umbali kati ya vitovu hivyo viwili. Egesha gari likiutazama ukuta moja kwa moja, vioo vya taa vikiwa meta 10 kamili kutoka ukutani. Taa ya kushoto na ya kulia ziwe na umbali ule ule kutoka ukutani. Zikitofautiana, gari limekaa upande.

Sasa kwa msaada wa mpira wa maji hamisha kimo cha vitovu vya taa hadi ukutani, ukachore mstari mlalo. Tusipime kimo hicho kutoka ardhi iliyo chini ya ukuta, kwa sababu huenda ardhi hiyo iko juu au chini kuliko pale liliposimama gari. Chini ya mstari wa kwanza, kwa umbali wa sentimeta 10, chora mstari wa pili ulio sambamba nao. Meta 10 mara asilimia 1 ni sentimeta 10. Huo ndio mstari wa kazi. Kama nafasi ni meta 5 tu, mstari wa pili uwe sentimeta 5 chini ya wa kwanza, lakini kosa dogo la mkono litakuwa na uzito maradufu.

Mwisho, simama nyuma ya gari, tazama kupitia kioo cha nyuma na cha mbele, na mwelekeze mwenzako aweke alama ukutani palipo sawa na katikati ya gari. Kutoka alama hiyo pima nusu ya umbali kati ya taa kila upande, na kwa kutumia timazi chora mistari miwili ya wima. Kila taa sasa ina msalaba wake kwenye mstari wa kazi.

Kurekebisha

Kazi hii ifanywe jua likisha kuzama. Vuta breki ya mkono, gia ikiwa huru. Kama injini itawashwa ili betri isiishe, iwe nje penye hewa, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa injini una kaboni monoksaidi inayoua bila kunusika.

Washa dimu. Mtu mmoja aikinge taa moja kwa ubao wa karatasi akiushika mbali kidogo na kioo. Usifunike taa kwa nguo, maana joto lake laweza kuunguza nguo au kuharibu kioo cha plastiki. Tazama ukutani mwanga wa taa iliyobaki. Utaona mpaka uliolala upande wa kulia na unaopanda upande wa kushoto. Kona ya mpaka huo inapaswa kukaa kwenye msalaba, na sehemu iliyolala ikae juu ya mstari wa kazi.

Fungua boneti. Nyuma ya kila taa aghalabu pana skrubu mbili: moja hupandisha na kushusha mwanga, nyingine huupeleka kushoto na kulia. Usikisie. Zungusha moja robo mzunguko, tazama ukutani mwanga umekwenda wapi, na hesabu mizunguko yako ili uweze kurudi ulikotoka. Anza na kimo, kisha upande, kisha rudia kimo, kwa kuwa skrubu moja huweza kuivuta kidogo kazi ya nyingine. Ukimaliza, kinga taa hiyo na kuishughulikia ya pili. Katika taa zenye balbu ya nyuzi mbili, fulu hujiweka sawa yenyewe dimu ikisha kuwa sawa.

Mzigo na mambo ambayo bisibisi haiyawezi

Taa zilizorekebishwa kwa gari tupu hubadilika gari likipakiwa. Magunia yakiwekwa nyuma hata springi zikashuka sentimeta 5, gari lenye meta 2.5 kati ya magurudumu huinua pua kwa asilimia 2. Dimu iliyokuwa ikishuka kwa asilimia 1 sasa inapanda kwa asilimia 1. Hii ni sababu kubwa ya gari lililosheheni kuwachoma macho wenzake, ingawa dereva wake amepunguza taa kwa adabu. Mwenye kitufe cha kuinamisha taa akitumie kila anapopakia. Asiye nacho apunguze mzigo au apange ulio mzito mbele.

Pili, balbu. Katika kioo chenye umbali wa fokasi wa milimeta 25, chanzo cha mwanga kikihama milimeta 1 tu juu au chini, miale hugeuka kwa digrii 2 na zaidi. Ndiyo maana balbu iliyokaa vibaya katika tundu lake huharibu kazi yote, na ndiyo maana balbu nyingi za LED zinazouzwa ili kuchomekwa mahali pa balbu za uzi huonekana kali lakini huvuruga mpaka wa mwanga: chanzo chake hakina umbo la ule uzi wala hakikai palepale. Ikiwa ukutani huoni mpaka dhahiri, hakuna skrubu itakayouleta.

Tatu, upande wa barabara. Katika Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia, na taa zao hupandisha mwanga kulia. Gari la huko likivuka daraja la Rusumo na kuingia Tanzania huwamulika machoni hasa wale wanaokuja mbele, na gari letu likienda huko hufanya vivyo hivyo. Taa nyingine zina kiwiko kidogo cha kubadilisha hali hiyo. Zisizo nacho huzibwa kwa utando sehemu inayopanda.

Nne, taa zinazotumia gesi ya zenoni huhitaji volti maelfu mengi ili kuwaka, na taa zinazojielekeza zenyewe huongozwa na kompyuta. Hizo ziachiwe fundi mwenye vifaa vyake. Vivyo hivyo taa iliyolegea au iliyovunjika miguu: ikazwe kwanza, ndipo ielekezwe.

Ukuta wa shule

Shule nyingi zina ukuta na uwanja ulio sawa. Mwalimu wa fizikia akiwa na gari la shule, au la jirani mwenye hiari, ana maabara ya uakisi wa mwanga, uwiano, tanjenti na usawa wa maji kwa jioni moja. Wanafunzi wapime kwanza kabla ya kusahihisha, waandike kila taa ilikuwa wapi, kisha wapime tena mizigo ikiwa ndani ya gari.

Baada ya hapo mistari isifutwe. Ichorwe kwa rangi, pamoja na alama ya meta 10 chini, ili mwenye pikapu ya mahindi au basi dogo la abiria aweze kupita jioni na kujikagua bila kulipa kitu. Wanafunzi wanaorudi nyumbani gizani kando ya barabara hiyo hiyo ndio watakaofaidi kwanza.

Mazoezi

1. Taa ya lori iko meta 1.0 juu ya ardhi na imeinama kwa asilimia 2. Mpaka wa mwanga unagusa ardhi umbali gani?

2. Uwanja una nafasi ya meta 6 tu, na chapa ya gari inataka asilimia 1.2. Mstari wa kazi uwe sentimeta ngapi chini ya ule wa kwanza?

3. Gari lina meta 2.8 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Taa ziko sentimeta 70 juu ya ardhi na zinashuka kwa asilimia 1. Mzigo unashusha nyuma kwa sentimeta 4.2, mbele pasibadilike. Mpaka wa mwanga utakuwa kimo gani kwenye umbali wa meta 60?

Majibu: (1) meta 50, (2) sentimeta 7.2; (3) meta 1.